Daftari la Mizani

Kadi imehamia safu ya mwisho ubaoni.
"Imekwisha," anasema Elirehema, anaifuata chai yake.
Nainua mkono kama mtoto aliyezoea kuchekwa darasani:
haijaandikwa.

Ndivyo asubuhi zetu zilivyo, ghorofa ya pili, Moshi mjini:
watu sita wamesimama kwa robo saa,
jana nilifanya hiki, leo nitafanya kile,
na mimi wa saba, mwandishi wa maelekezo,
ninayeifikia kila kazi kama mgeni wa msibani
marehemu ameshazikwa.

Kila wiki mbili, toleo jipya.
Kitufe cha kijani kimehamia kushoto. Nani kakihamisha?
"Pima" sasa ni "Sajili". Kwa nini?
Anayejua ni Kimambo, na Kimambo alihamia Dodoma mwezi wa tatu
pamoja na kichwa chake.
Wahenga walituonya kuhusu mali bila daftari;
sisi tukadhani wanasema ng'ombe.

Julai nikapanda Uru na kurasa zangu arobaini,
zenye faharasa, zenye picha, zenye mishale myekundu.
Manyunyu. Foleni ya watu na viroba vya kahawa
kutoka mlangoni pa chama hadi mgomba wa tatu.
Anaeli, karani, vidole vikinuka maganda,
kurasa zangu alikuwa amezikunja chini ya mguu wa meza
isiyumbe.

Sikukasirika.
Nilikasirika kidogo.
Kisha nikaliona, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya mizani:
daftari la shule, jedwali la kuzidisha nyuma,
mwandiko wa penseli.

*Washa. Subiri taa mbili.
Kiroba kisiguse ukuta.
Ikiandika HITILAFU 12 usiigonge, ni mtandao. Hesabu hadi ishirini.
Ikikataa tena andika kwa mkono. Mwenye mzigo asiondoke bila risiti.
Kitufe kimehama tena, tar. 9. Kipo kushoto.*

Tarehe tisa. Sisi wenyewe hatukuwa nayo popote.

Mistari kumi na minne, hakuna silabi ya ziada,
maana foleni haingoji silabi.
Mshairi angeiita hiyo mizani.
Anaeli naye huiita mizani,
anaifuta sahani ya chuma kwa kiganja na kusoma kwa sauti:
thelathini na mbili na nusu. Anayefuata.

Jumatatu, robo saa ile ile.
Kadi safu ya mwisho. "Imekwisha."
Nikabandika juu yake picha ya ile penseli.
Elirehema akasoma. Akarudia.
Akairudisha kadi nyuma safu moja, chai ikipoa,
akavuta kiti karibu na changu:
"Hii hitilafu kumi na mbili niliibatiza mimi.
Sasa mtu mwenye kiroba kichwani, mvua inanyesha,
aambiwe nini?"

Tulibishana mpaka adhuhuri juu ya maneno matano.

Kurasa arobaini zimebaki tatu.
Meza ya Anaeli, nasikia, inayumba tena.