Bei kwa Kichwa

Saa kumi alasiri, na giza limeshaimeza Lahti.
Nimezima mashine ya kunoa,
vumbi la chuma lingali ulimini mwangu
kama senti iliyonyonywa na mtoto.
Kompyuta imeniwekea vifurushi viwili vya baruapepe,
nichague kabla ya usiku wa manane:

Familia, watu sita, yuro nane kwa mwezi.
Biashara, yuro sita kwa kichwa.
Kwa kichwa! Kama kodi.

Jina la ukoo wetu ndilo jina la duka.
Baba alilipaka mwenyewe juu ya mlango, HAUTAKOSKI,
herufi ya mwisho ikakosa ubao, ikaning'inia.
Na ndilo linalofuata ile alama
ambayo hapa kwetu huitwa mkia wa paka.
Ukiuvuta mkia, analia paka yupi,
wa jikoni au wa dukani?

Masharti yako chini, madogo kama mayai ya chawa:
Kifurushi cha Familia kisitumike kwa mauzo.
Haya, nisome barua ya Mama ya juzi:
"Supu ya samaki ipikwe kwa moto mdogo,
maziwa yatiwe mwisho.
Tapani, yule wa Heinola kalipa?"
Nipasue wapi hapo? Supu huku, deni kule,
mchuzi ukimwagika katikati?

Nahesabu.
Mama, nyonga ya bandia, hajagusa jiwe la kunolea
tangu wamfanyie upasuaji.
Tapani, kaka yangu. Mimi.
Oskari wa Tapani, miaka kumi na minne,
hufungua kisanduku chake
pale tu anaposahau nywila ya mchezo.
Baba.
Baba tuliyemzika Novemba ya mwaka juzi,
na leo asubuhi kocha wa Orimattila kamwandikia tena:
"Veikko, jozi kumi na nane za viatu vya barafu, kama kawaida."
Nami hunoa, kama kawaida,
na sijawahi kumjibu.

Halafu Sirkku. Wifi yangu
(wa nyumbani, si ile ya mtandao,
ingawa naye alikatika).
Miaka minne tangu aachane na Tapani,
na kila Alhamisi huja kukaa na risiti zetu,
wawili hao wakijadili ushuru,
macho kwenye karatasi.
Fomu ya Familia inauliza: uhusiano?
Mwenzi. Mzazi. Mtoto. Mwingine.
Nikabonyeza Mwingine.

Sikuusikia mlango.
"Mwingine," akasoma Sirkku nyuma ya bega langu,
theluji ikiyeyuka kwenye kola yake.
Nikatafuta neno. Kifini kina maneno marefu kama treni,
hakuna hata moja lililosimama kituoni kwangu.

Akavua glavu, akavuta kiti.
"Jumatatu Linh anaanza kazi. Mtakuwa saba,
na Familia inakomea sita.
Chukua Biashara. Oskari mtoe, hana haja.
Na Veikko si kichwa tena,"
alisema hivyo, kwa sauti ya mahesabu, bila kupepesa,
"mfanye jina la ziada. Jina la ziada ni bure.
Barua zake ziangukie kwa mama yenu."

Vichwa vitano, yuro thelathini.
Kilichoongezeka hakifiki hata jozi tatu za kunoa.
Kwenye orodha mpya hakuna aliyeuliza uhusiano.
Sirkku aliandika jina lake mwenyewe, taratibu,
akaweka mkia wa paka, akaweka jina letu.

Saa tano usiku nikaona nakala.
Mama, ambaye jana alikuwa supu tupu,
amemjibu kocha wa Orimattila
kwa kidole kimoja, bila nukta wala koma:

kumi na nane sawa zitakuwa tayari alhamisi
mwambie yule kipa wako avae soksi kavu
veikko alifariki mwaka juzi
bei ni ileile
kama kawaida