Nani Atakuchukua?

Miaka sita nimeshona kanzu za watu
nimekaa upande, paja moja kitini, jingine hewani,
kama jogoo aliyeungua mguu.
Mteja akiuliza, nasema: mgongo.
Mke wangu akiuliza, nasema: mgongo.
Damu ya chooni niliimwagia ndoo mbili
nikatoka nikikohoa.

Leo Wete, saa moja asubuhi,
Bi Time ananihoji
kwa sauti ya mtu anayenunua muhogo.
Umekula lini?
Jana, baada ya isha. Wali, mchuzi wa pweza.
Maji?
Funda moja alfajiri, la kumezea dawa ya presha.
Kakwambia nani uimeze?
Nyinyi.
Haya. Na ile aspirini?
Niliiacha siku aliyonitajia daktari.
Akaifunga kalamu.
Nani atakuchukua jioni?

Hapo uwongo ukakatika uzi.
Nyumbani nimeaga naenda kupimisha kiwanja.
Nitarudi mwenyewe, nikasema.
Akalitazama daftari, hakunitazama mimi:
Miguu yako leo itakuwa ya kuazima,
na kichwa hakitakuwa chako chote.
Bila mtu, hata gauni sikuvalishi.

Simu ina majina mia.
Nikampigia Shaame, mume wa binti yangu,
ambaye tangu ndoa hatujazungumza
ila salamu imekaa katikati kama pazia.
Nikalitaja neno lenyewe. Bawasiri.
Kimya.
Kisha: Baba, nakuja. Hata mimi.

Hata mimi!

Watu watatu, mara tatu, waliniuliza
jina langu, na nakatwa wapi,
nikajibu kwa sauti, mbele za watu, wapi.
Mbingu haikuanguka. Ilikuwapo taa tu, na feni.
Sindano ya uti niliipokea nimeinama
kama mtu anayetafuta shilingi iliyomponyoka.

Saa kumi. Chai nimekunywa, haikurudi.
Nimesimama, sakafu imenikubali.
Limebaki moja: Bi Time yuko nje ya choo,
anangoja mkojo wangu
kama watu wangojavyo mwezi.
Umeandama! nikaita.
Akacheka, mara ya kwanza leo, akaandika saa.

Maagizo alimpa Shaame, si mimi:
beseni la maji vuguvugu, na kila atokapo msalani;
dawa ya maumivu kabla maumivu hayajapiga hodi;
mapapai, maji, asijikamue.
Damu ya tone kwenye pamba si neno.
Ikijaa, au homa, au mkojo ukigoma,
mrudishe hata usiku wa manane.

Njia ya Konde ina mashimo;
leo nayajua kwa idadi.
Chini yangu Shaame kaweka mto wa sufi,
umetobolewa katikati.
Vidole vyangu vikautambaa mshono:
mkono wa mwanamume asiyejua sindano,
uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe,
umeshonwa gizani, mwaka gani sijui.

Ulete dukani, nikamwambia, nikufumulie nikushone upya.
Na Jumatatu twende wote kwa Bi Time.
Mimi ndiye nitakayekuchukua.