Soksi za Velta

Novemba, kabla theluji haijafunga njia ya Gulbene,
shangazi Velta hushusha sanduku kutoka darini:
soksi za nailoni, rangi ya chai ya maziwa,
alizovaa miaka kumi na tisa akiunganisha simu za watu
posta ya mjini, miguu chini ya meza, sauti juu ya waya.

"Shika hapa," aniambia. "Usibane. Si kidonda hiki."
Nami nimepiga goti matopeni, nimeshika
shina la mtufaha lisilozidi kipini cha jembe,
yeye akilivisha mzingo kwa mzingo, toka mizizini,
hadi kiunoni mwangu, kisha shibiri mbili zaidi.
Nauliza: sungura gani atafika huko?
"Sungura hafiki. Theluji ndiyo humbeba."

Mwaka juzi niliufunga mmoja kivivu, futi mbili tu.
Machi tukaukuta umemenywa juu ya soksi,
mweupe, mtupu, meno yameuandika mistari midogo,
pete nzima,
bila hata uzi wa gome kuunga juu na chini.
Ukachipua, Mei ile. Ndicho kilichonidanganya.
Ukatoa maua kumi na moja, nikayahesabu.
Velta hakuhesabu. Alijua unakula akiba,
maana riziki ya mizizi hushuka kutoka majanini
kwa njia ya gome, si kwingine,
na laini ilikuwa imekatwa.

Mti hufa wima. Hilo sikulijua.

Upande wa bondeni upo mwingine, mkongwe,
una kovu lililozama shingoni kama mkufu:
waya alioufunga marehemu Arvids kuzuia kulungu,
akausahau. Mti ukanenepa, waya haukunenepa.
Velta hupitisha kidole humo, hasemi kitu,
kisha huenda kuandika kwa penseli
kwenye kalenda ya jikoni:
Aprili ishirini, vua.

Leo tumemaliza miche thelathini na minne.
Jua limezama saa kumi. Shambani imesimama
miguu ya karani wa simu, mmoja mmoja,
mingine imetoboka kisigino,
ikisubiri baridi.
Velta amelala na redio yake.
Mimi nimerudi na tochi, peke yangu,
kulegeza fundo moja
nililolikaza kwa hofu.