Wosia wa Kayenze

Baba alisema, nami nikaandika,
kwa kuwa mwandiko wangu ndio unaosomeka:
majaruba manne ya bondeni, Lugembe.
Ng'ombe kumi na saba, Shija; yule wa pembe iliyovunjika
asiuzwe, maziwa yake yaliwasomesha.
Mashine ya kukoboa, pamoja na deni lake, Ng'wandu.

Akanyamaza. Akaomba maji, akanywa nusu.
Kalamu ikangoja juu ya mstari.

"Na wewe Nyanzobe, andika:
ekari mbili za ufukweni,
zile zilizomezwa na ziwa mwaka ule wa mvua.
Maji yakishuka, ni zako."

Kaka zangu wakatazama viatu vyao.
Shija akakohoa, kicheko kikamtoka puani.
Niliandika bila kukosea herufi.
Nikaweka nukta.

Leo nimeshuka mpaka pale.
Vichwa vitatu vya nguzo vinachungulia majini,
mnandi ameanika mbawa juu ya kimoja
kama mtu anayeonyesha mpaka.
Nikapandisha kitenge, nikaingia.
Udongo ni ule ule, mweusi, unavuta nyayo.
Nilihesabu hatua.
Ya arobaini, maji yalinifika kifuani,
na bado nilikuwa shambani kwangu.