Daftari la Dobi

Mwaka ule helikopta ziliruka mara sita kwa siku
kwenda kwenye visima vya gesi, mbali, nisipopaona,
nami hali ya mji niliijua kwa sikio:
sita, nyama; nne, dagaa;
zikilala, mwenye nyumba hunipita bila salamu.

Nilifua ovaroli za mafundi wa ndege.
Mafuta ya injini ile si kama ya pikipiki;
yananuka chuma kilichofika juu kikarudi.
Hayatoki kwa sabuni ya mche.
Unaloweka usiku kucha, unasugua kwa majivu,
na doa linabaki, dogo, kama kituo mwisho wa sentensi.

Kila mtu alikuwa na hesabu yake.
Somoe wa Chuno alikopa Vikoba, akanunua friji la pili.
Nannume alikata mikorosho kumi na mmoja kule Mangamba,
akajenga vyumba kumi na viwili, kila kimoja na choo chake ndani,
na kiyoyozi, maana wageni, alisema, hutoka jasho wakiwa wamekaa.
Mwanangu Chilumba alisomea kuchomelea mabomba.
Cheti tulikitia plastiki kisiingie mchwa.

Kisha bei ikaanguka,
sijui wapi, sokoni kwetu haikuanguka kitu.
Jumanne, kimya. Jumatano nikadhani mvua.
Alhamisi Somoe akaja kuuliza kama nami sisikii.

Zilibaki ovaroli tatu kwenye kamba,
na jina kifuani: TOFTE.
Nilizikunja. Nilizikunjua panya wasizitoboe. Nikazikunja tena.

Vyumba vya Nannume sasa vimejaa magunia matupu
yanayosubiri msimu; vinalala kwa kiyoyozi kilichozimwa.
Chilumba anapuliza salfa kwenye mikorosho ya watu
akiwa amevaa ovaroli moja, ya chungwa,
na wenye mashamba, ambao kusoma wanajua,
wanamwita Tofte. Anaitika.

Asubuhi anapowasha ile pampu mgongoni
inakohoa, inashika, inanguruma juu ya miti,
na sikio langu, lisilo na adabu,
linasema: moja.

Daftari sijalifunga.
Ovaroli tatu, elfu tisa, haijalipwa.
Mbili bado ziko safi. Doa halihesabiki.