Somo la Kwanza, Maji ya Bamvua

Saa tatu na robo. Bahari imejivuta mbali
mpaka mwamba wa Mnarani umebaki kiuno wazi:
chini mwani, juu yake mstari mweusi,
kisha jiwe kavu, limetobokatoboka kama mkate wa mofa.
Nuswaiba, miaka ishirini na miwili,
ananikaza mshipi, anavuta, anavuta tena.
"Fundo hili ulisome mwenyewe, Mama Zamzam."
Nalisoma. Nane iliyojirudia.
Mimi fundi wa nguo, Kibokoni.
Miaka thelathini nafunga mafundo madogo,
hakuna hata moja lililowahi kubeba mtu.

"Tuna saa mbili na nusu," asema.
"Baadaye hapo uliposimama patakuwa pa samaki."

Ukuta huu ni wa wanagenzi, kimo cha ghorofa mbili.
Watoto wa Tudor waliukwea Jumamosi wakila ubuyu.
Lakini jiwe halina upole,
ni matumbawe yaliyokufa zamani,
kila shimo na meno yake.
Naingiza vidole viwili kama kwenye tundu la kifungo.
Panachoma. Panashika.

Katikati, mguu wa kushoto
ukaanza kushona wenyewe,
mbio, bila kitambaa.
Nikatazama chini. Kosa.
Kaa mmoja akanipita wima,
bila kamba, bila salamu.
"Shusha kisigino! Pumua!"
"Naanguka!"
"Aliye juu mngoje chini," akacheka,
"na mngojaji ndiye mimi. Kamba ninayo."

Nikashusha kisigino.
Cherehani ikanyamaza.

Huko juu sikukuta la ajabu:
nyasi zilizokanyagwa, gunia la mihogo,
muuzaji wake akinyoosha shingo,
"We mama, umetokea wapi?"
Nilitaka kumjibu, pumzi haikutosha.

Niliposhushwa, maji yalishafikia ndara zetu.
Lile tundu langu la vidole viwili
lilikuwa likinywa povu.
Nuswaiba akizoa kamba, mimi nalitazama
mpaka likazama.

Alasiri, dukani, gauni la harusi la mwana wa Bi Shekha:
kila nikivuta hariri
inanasa kwenye ncha za vidole.
"Mikono umeifanya nini?"
"Nimepanda."
"Umepanda nini, kunde?"
Nikacheka, pini mdomoni,
nikageukia kalenda ya ukutani
na tepu yangu ya kupimia,
nipime ni inchi ngapi
mpaka bamvua tena.