Difu ya Mbele

Kuku wa mama alikuwa anaatamia juu ya betri
siku nilipokwenda kulivuta Landikruza la baba
kutoka nyuma ya ghala la pareto.
Nilimhamisha na mayai yake saba, kwa heshima,
moja likavunjika. Mama akasema:
hayo ndiyo malipo ya kwanza, na utalipa sana.

Nimelipa.
Nimelipa springi za nyuma, vipande tisa kila upande,
kutoka kwenye lori lililofia Igawa.
Nimelipa shokomzoba nne za mtumba, ndefu,
zikaliinua hadi mke wangu akauliza
tunapanda gari au tunapanda kichuguu.
Nimelipa tairi tano, kashata zake unaingiza kidole kizima.
Nimeuza ng'ombe mmoja. Sitataja jina lake.

Gereji ya Tusekile iko Uyole,
kati ya mashine ya kukoboa na duka la mbolea.
Hasemi mengi. Anagonga chuma kwa spana, anasikiliza,
kisha anasema, "Hiki kinadanganya,"
na kweli, ndani kimeliwa na kutu.
Sakafu upande wa dereva ilikuwa imetoboka
ukaona majani. Nikakumbuka
utotoni niliitazama barabara ikipita chini ya miguu ya baba
nikidhani kila gari lina dirisha la chini.
Nilimwomba Tusekile aache tundu moja, dogo tu.
Alinitazama, akashusha miwani, akaendelea kuchomelea.

Mwezi wa saba, na baridi ile inayouma masikio,
tukafungua difu ya nyuma: mapengo,
mafuta meusi kama uji wa ulezi ulioungua.
Miaka ishirini na sita ya matope na magunia.

Kisha ya mbele.

"Njoo na tochi," Tusekile akaita.
Meno yote yamo. Makali. Yanang'aa
kama ya mtoto aliyeota juzi.
Friihabu zote mbili zimeganda,
alama za kiwandani hazijakwanguliwa hata na ukucha.
"Hii," akasema, "haijawahi kufanya kazi."

Miaka ishirini na sita baba alipanda Isyonje,
masika, na pareto mgongoni, kwa magurudumu mawili.
Alikwama. Alichimba kwa jembe, alikata matawi,
aliwapa vijana sigara wamsukume,
alilala njiani akitetemeka ndani ya koti la chama,
na nguvu nyingine nzima imekaa mbele yake, kimya,
umbali wa fimbo moja ya gia.

Nikaenda kumuuliza mama.
"Alijua," akasema, akipepeta maharage.
"Foo inakula mafuta. Mafuta yalikuwa ya chama."
Akapuliza makapi.
"Chama kilipokufa wakampa gari badala ya mshahara.
Akaliegesha palepale. Akasema,
sasa mafuta ni yangu, na sina."

Jana nikalipeleka. Matamba, halafu kushoto,
njia ya ng'ombe inayopotelea kwenye ukungu.
Udongo mweusi, umelowa, mlima umesimama.
Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure,
harufu ya klachi ikaingia ndani.
Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye tope,
nikageuza friihabu ya kushoto: tik.
Nikazunguka pua ya gari. Ya kulia: tik.
Nikarudi, nikavuta fimbo.

Halikuruka. Halikunguruma.
Lilitulia tu, likashika ardhi,
likapanda polepole, kama mtu
aliyekumbuka katikati ya safari
kwamba hakutoka peke yake.

Juu nikazima. Sikuwa na gunia hata moja.
Nyasi zimelala kwa upepo, mkono wangu umejaa tope.
Nikatazama mshale wa mafuta:
umeshuka, nusu kidole, kilima kimoja tu.
Baba hakusema uongo. Inakula.

Acha ile.
Imefunga miaka ishirini na sita.